Kibodi Iliyopigwa Sili

Mzee Sifuna alikuwa na imani mbili maishani. Ya kwanza aliipeleka kanisani kila Jumapili. Ya pili alitembea nayo wiki nzima: kitu kisichopigwa sili hakiko salama.

Usimcheke. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa ya reli kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu akafungua kampuni yake ndogo ya uwakala wa mizigo pale Port Bell, bandari ya Kampala, jirani na gati ambapo feri hushusha mabehewa kutoka Kisumu. Sili zilikuja naye. Ni vidonge vya madini ya risasi, vidogo kama kifungo cha shati, vyenye waya ndani. Unapitisha waya kwenye komeo la behewa, unakibana kidonge kwa koleo maalumu, na koleo linaacha namba yake juu ya kidonge. Kila karani wa kudumu alikuwa na koleo lake na namba yake, ili sili ikikutwa imevunjwa ijulikane ilikuwa ya nani. Karani wa majaribio hakupewa koleo, hata awe malaika.

Basi Mzee alipiga sili mabehewa, hilo linaeleweka. Akapiga sili kabati la hati. Akapiga sili kopo la sukari ya ofisi, jambo ambalo Rukiah, mama wa chai, hakumsamehe. Na mwaka 1994, kompyuta ilipoletwa, akaipiga sili nayo.

Ilikuwa hivi. Fundi kutoka mjini aliiunganisha kompyuta na simu kwa kisanduku kiitwacho modemu, akaweka programu ya kuongea na kompyuta ya wabia wao wa Kisumu, akaandika mipangilio yote kwenye karatasi moja. Akasema, "Mzee, hapa pakibadilika, mtapotea." Neno hilo lilimwingia Mzee moyoni. Alitafuta mahali pa kupitisha waya kwenye mashine, asipate. Mipangilio haina mlango. Kwa hiyo akaipiga sili karatasi yenyewe, ndani ya fremu, ukutani, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: ISIBADILISHWE. Fundi alikuwa pia amesema, kwa kugusia tu, kwamba vile vibonye vya namba upande wa kulia wa kibodi havina kazi, na kile cha Num Lock huwachanganya watu. Mzee akakata kipande cha bati la kopo la biskuti, akavifunika, akazungusha waya chini ya kibodi, akabana sili. Fundi alitazama, akakusanya vifaa vyake, akaenda zake.

Aliyekabidhiwa mashine hiyo alikuwa Phelister Nakhisa.

Phelister alizaliwa Kimilili, Kenya, akaja Kampala miaka miwili baada ya vita vya 1986 kumfuata shangazi yake Namalwa, aliyekuwa na meza ya makoti ya mitumba kwenye soko la Owino. Miaka mitano aliuza makoti. Shangazi alimfundisha jambo moja ambalo lilimkaa kuliko somo lolote la shuleni: usitazame koti kwa nje. Ligeuze. Vifungo vinadanganya, mishono haidanganyi. Jioni alisoma kupiga taipu, halafu kompyuta, kwenye ukumbi wa kanisa ambako wanafunzi kumi na wanne waligombea mashine mbili. Aliyekosa mashine aliandika kwenye daftari angebonyeza nini kama angeipata. Phelister alikosa mashine mara nyingi, kwa hiyo alimaliza mafunzo na daftari nene la mistari ya miraba, na tabia ya kuandika kila kitu alichokibonyeza na kila kilichotokea.

Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika hadi gatini, lakini alikuwa na kasoro moja mbaya kwa mtu aliye kwenye majaribio. Ukimwambia "ndivyo kilivyo", hakulala.

Miezi miwili mashine ilikwenda vizuri. Kila Alhamisi Phelister aliipigia Kisumu, modemu ikapiga mluzi wake, maandishi yakaja mstari kwa mstari, akajibu mabehewa gani yapakiwe, feri ikaondoka nayo. Wabia wa Kisumu walikuwa wameamua kwamba uthibitisho wa simu ya mdomo hawautaki tena. Ni kwa kompyuta, kabla ya saa kumi alasiri, au behewa linabaki.

Kisha, Alhamisi moja, skrini ikachanganyikiwa. Yalikuja maneno yamebanana pamoja, na katikati yake mishale midogo, mabano ya mraba na namba zisizo na maana. Phelister alijibu hivi na vile, Kisumu hawakupokea kitu. Feri ikaja bila mabehewa yao. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile.

Mzee alishika simu, akampata Wangila, kijana wa watu aliyesimamia kompyuta ya Kisumu, akamfokea. "Laini yenu mbovu!" Wangila akajibu kwamba labda ni mvua. Mzee akasema ni mvua ya Kisumu. Simu ikakatwa, na kila upande ukabaki umeridhika kwamba kosa liko hewani.

Lakini ndani ya mabehewa sita yaliyokwama Kisumu mlikuwa na mabati, na mji ulikuwa unajengwa upya. Wafanyabiashara wenye mabati yao walikuwa wamechoka kuambiwa habari za mvua. Siku ya Jumatano Mzee alimwita Phelister, akavua miwani.

"Kesho ni mara ya tatu," alisema. "Feri ikija tena mikono mitupu, mashine hii narudisha kwa aliyeniuzia. Na wewe, binti, majaribio yako yanaisha Jumamosi. Bila mashine sina kazi ya kukupa. Unanielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

Alielewa mno. Si kwamba Owino ni pabaya, Owino palimlisha. Lakini aliiaga meza ile mbele ya watu, shangazi akamshika mkono akasema sasa ukoo una karani, na Phelister alikuwa amelipenda neno hilo kuliko alivyokiri kwa mtu yeyote. Alirudi nyumbani Namuwongo jioni hiyo bila kicheko, na majirani wakauliza kama anaumwa.

Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha kweli. Mzee aliondoka saa sita kwenda mjini kuwatuliza wenye mabati, akasema atarudi saa kumi na moja. Phelister akapiga Kisumu, takataka zikaja, akakata. Akapiga tena, akakata. Mara ya tatu hakujaribu kujibu. Alichukua daftari lake akanakili takataka zenyewe, herufi kwa herufi, mishale yote na mabano yote. Kisha akafungua ukurasa wa wiki iliyopita, maana wiki iliyopita pia alinakili.

Zilikuwa zilezile. Hata nukta haikubadilika.

Dirishani alikuwa amekaa Onen, mlinzi, amejikinga mvua. Onen alitoka kaskazini na aliwahi kuwa mtu wa redio jeshini. Jeshi lipi, hakuna aliyeuliza. Kampala ya miaka ile watu walikuwa na adabu hiyo.

"Afande," Phelister alimwita, "njoo uone. Hii ni kelele ya laini?"

Onen alitazama kurasa mbili kwa muda mrefu. "Hapana, madamu. Kelele ya hewa haina akili. Leo inasema hivi, kesho inasema ingine. Hii inarudia. Kitu inarudia, hiyo ni mtu anaongea."

"Anaongea nini sasa?"

"Mimi sijui. Lakini yeye anajua."

Phelister aliligeuza koti. Acha maneno, tazama mishono. Kabla ya kila neno kulikuwa na mshale, bano, namba mbili zenye alama katikati, na herufi H. Kabla ya BEHEWA: 3 na 10. Kabla ya NAMBA: 5 na 10. Kabla ya MZIGO: 7 na 10. Kabla ya UZITO: 7 na 40. Namba mbili, namba mbili. Alikuwa ameziona wapi namba za kwenda mbilimbili namna hiyo? Macho yakaenda kwenye kitabu cha uwanja wa reli, kilichokuwa wazi mezani: njia ya 3, nafasi ya 10. Ndivyo kila behewa linavyotafutwa uwanjani.

Alishika ukurasa safi wa miraba. Akahesabu mistari mitatu kushuka, miraba kumi kwenda kulia, akaandika BEHEWA. Mitano kushuka, kumi kulia, NAMBA. Rukiah alileta chai, akasimama na sinia yake akitazama. Ikajengeka taratibu mbele yao fomu nzuri, iliyopangika, kila neno kwenye nafasi yake, na sehemu za kujazia.

"Banange!" Rukiah alisema. "Kumbe ilikuwa barua!"

Phelister alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kompyuta ya Kisumu haikuwa ikitapika. Ilikuwa ikitoa maagizo: andika hili pale, lile pale. Na mashine ya Port Bell, badala ya kutii, ilikuwa inayasoma maagizo kwa sauti, kama mtoto anayetumwa "kamwambie baba aje" akaenda akasema "kamwambie baba aje". Maana kompyuta ile haikuongea na Kisumu kama kompyuta. Ilijifanya kioo na vibonye tu vya mashine ya kule, na ipo mitindo mingi ya kujifanya. Fundi alichagua mmoja, ule wa zamani kabisa unaoandika mstari kwa mstari, na jina lake, TTY, lilikuwa ukutani ndani ya fremu.

"Kwa redio," Onen alisema, "kama hamusikizani, hamugombani. Unauliza yule mwingine: wewe uko wapi? Halafu unamufuata."

Basi Phelister aliinua simu akampigia Wangila, si kumfokea, bali kumuuliza. Ninyi huko mnatumia kioo cha aina gani?

"Si tuliwaandikia, dada?" Wangila alishangaa. "Mashine mpya ilifungwa mwezi jana. Sasa ni VT100. Barua yote imeeleza."

"Barua iko wapi?"

"Kwenye mfuko wa hati."

"Na mfuko uko wapi?"

"Uko ndani ya behewa lenu la kwanza," Wangila alisema polepole. "Nimeupiga sili mwenyewe."

Walicheka wote wawili hadi kila mmoja akasahau kwamba simu ya kuvuka mpaka si ya kuchekea. Barua ya kueleza jinsi ya kuyatoa mabehewa ilikuwa imefungiwa ndani ya mabehewa.

Alipokata simu, kicheko kikaisha. VT100 ilikuwepo kwenye orodha ya programu, ameiona mara nyingi. Ni vibonye viwili tu. Lakini ukutani kulikuwa na wino mwekundu, na chini ya wino sili, na juu ya sili namba 1, namba ya koleo la Mzee mwenyewe. Wapo waliofukuzwa kazi pale kwa kukata sili ya behewa tupu. Saa ilikuwa tisa na dakika tano.

Hapo ndipo alipokumbuka karatasi nyingine, iliyotundikwa mlangoni na kusomwa na kila mtu ila hakuna aliyeifikiria: Kanuni za Sili, zilizopigwa taipu na Mzee. Kanuni ya saba ilisema kwamba sili inaweza kuvunjwa na mtumishi yeyote iwapo shehena iko hatarini na mkubwa hayupo, mradi wawepo mashahidi wawili, na maelezo yaandikwe kabla ya waya kukatwa, yakitaja namba ya sili, saa na sababu.

"Mtumishi yeyote," Phelister alisoma kwa sauti. "Haikusema wa kudumu."

"Haikusema," Rukiah alikubali, tayari amekwenda kutafuta kisu.

Phelister alipiga taipu maelezo, sentensi tano. Onen alisaini kwa mwandiko wa kijeshi, Rukiah akaweka dole gumba. Waya ukakatwa, fremu ikashuka ukutani, TTY ikafutwa kwa mstari mmoja safi, na VT100 ikaandikwa juu yake. Ndipo akabadilisha kwenye mashine, maana kwa Phelister karatasi ilitangulia. Akapiga Kisumu. Modemu ikalia. Skrini ikafutika yote, ikawa nyeusi tii. Kisha fomu ikajitokeza, sawasawa na ile ya kwenye daftari, mraba kwa mraba.

Rukiah alipiga kigelegele. Onen alisimama wima akapiga saluti, ingawa haikujulikana ni kwa Phelister au kwa Kisumu.

Akajaza mabehewa sita. Chini ya fomu paliandikwa: BONYEZA PF1 KUTHIBITISHA. Alitazama kibodi. F1 alikiona, PF1 hakukiona. Akabonyeza F1, ukatokea ukurasa wa maelezo wa programu yenyewe, ambao haukuhusu mabehewa hata kidogo. Akabonyeza F2, akabonyeza kila kilichobonyezeka, akiandika kila tokeo daftarini. Saa tisa na dakika arobaini. Laini ilikuwa moja tu. Ili kumuuliza Wangila ilimbidi aikate, na fomu iliyojazwa ipotee. Aliikata.

"PF1?" Wangila alisema. "Kwangu iko upande wa kulia, kwenye vibonye vya namba. Juu kabisa, kushoto."

Phelister aligeuza macho kulia. Bati la kopo la biskuti lilimwangalia, lenye picha ya mzungu akinywa chai.

Hapo mtu mwingine angeukata tu waya. Yeye alirudi kwenye taipu. Maelezo ya pili, sili ya pili, saa tisa na dakika arobaini na nne, shehena bado hatarini. Onen akasaini. Rukiah akaweka dole gumba, akaomba kwa unyenyekevu kwamba waya huu aukate yeye. Aliukata kwa furaha ya mtu mwenye kinyongo cha siku nyingi cha kopo la sukari. Chini ya bati vibonye vilikuwa vyeupe, vipya, havijawahi kuguswa. Na juu kabisa, kushoto, palipo na PF1 kwa Wangila, kwake palikuwa na Num Lock.

Akapiga tena. Fomu ikaja. Behewa la kwanza, la pili, vidole vikiyatangulia macho, la tano, la sita. Akabonyeza Num Lock. Skrini ikatulia. Halafu kwenye mstari wa mwisho: YAMETHIBITISHWA, MABEHEWA 6. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika nne.

Saa kumi na moja Mzee Sifuna aliingia akidondosha maji ya mvua. Hakutazama skrini. Alitazama ukuta usio na fremu, kisha meza, ambako vidonge viwili vya risasi vilikuwa vimewekwa juu ya kitambaa safi, na bati la biskuti kando yake. Uso wake ulibadilika rangi. Phelister alimkabidhi karatasi mbili kwa mikono miwili. Mzee alizisoma akiwa amesimama. Alilinganisha namba. Alitazama dole gumba la Rukiah kwenye karatasi, kisha Rukiah mwenyewe, ambaye alitazama dari.

"Uliandika kabla ya kukata, au baada?"

"Kabla, Mzee. Zote mbili."

Mzee alizikunja karatasi, akazitia mfukoni, akatoka kwenda gatini. Ijumaa nzima hakumwambia kitu zaidi ya habari ya asubuhi. Phelister aliogopa, nasema kweli, aliogopa hadi chakula kikamshinda. Mashine ilifanya kazi, hilo alilijua. Lakini alikuwa amekata sili ya namba moja, na katika ofisi ile hakuna aliyewahi kuvuka hapo akabaki. Jumamosi alikuja na mfuko wa kutilia vitu vyake, yaani kikombe, kalamu na daftari.

Feri ilitia nanga saa nne. Mabehewa sita yalishuka relini yakigongana, na Mzee akakata sili ya la kwanza kwa mkono wake. Alitoa mfuko wa hati, akaufungua, akasoma barua moja palepale huku makuli wakimzunguka. Aliisoma mara mbili. Kisha akaja ofisini.

"Hii inasema VT100," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiyo PF1. Imeandikwa hapa." Aliiweka barua mezani, akaivuta droo yake, akatafuta kwa muda mrefu kupita kiasi, kama mtu anayejipa nafasi. "Kibodi sasa haina sili. Karatasi haina sili. Mimi silali nikijua hivyo, Phelister."

Phelister akaanza kuchukua kikombe chake.

Mzee aliweka mbele yake koleo jipya, bado lina mafuta ya dukani. Kwenye meno yake ilikuwa imechongwa namba 9.

"Ukiona panafaa, funga," alisema. "Ukiona pafunguliwe, fungua. Iwe ya kwako." Akavaa miwani akatoka haraka kwenda kuhesabu mabati ambayo tayari yalikuwa yamehesabiwa.

Phelister alilishika koleo kwa mikono yote miwili, akalia kidogo, akacheka sana. Hakuifunga kibodi. Alikibana kidonge kimoja kitupu, namba 9 ikatokea vizuri, akakitia kwenye mfuko wa blauzi ili jioni akakiweke mezani kwa shangazi Namalwa, katikati ya makoti, mbele ya watu.

Rukiah, alipoona kuna koleo jingine ofisini, alilichukua kopo la sukari akalificha nyuma ya jiko.